Kuisalimia Pikipiki Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata spana. Foreman wa karakana ya misheni, Homa Bay, mtu mfupi asiyecheka na mtu kabla ya chai ya saa nne, alinisimamisha mbele ya pikipiki ndogo ya pedali, zile walizopanda makatekista na wauguzi, akaniambia niisalimie. Nikasema, "Habari ya asubuhi." Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Foreman mwenyewe hakucheka. Aliushika mshikio wa kulia, ule wa kuongezea mafuta, akauzungusha mara mbili na kuuachia, injini ikiwa imezimwa.

"Ukirudi wenyewe, endelea na kazi," alisema. "Usiporudi, hilo ni jeneza. Usimpe mtu jeneza."

Nyinyi mliokulia kwenye bodaboda hamkuzijua pikipiki hizo. Injini yake ilikuwa ndogo kuliko sufuria ya ugali wa watu wanne. Oili ilichanganywa na petroli humo humo kwenye tangi, na ili iwake ulipiga pedali kama baiskeli. Kutoka kwenye mshikio kulipita waya mwembamba, kebo, hadi kwenye kabureta, pale hewa na petroli vinapokutana. Kebo ikishika kutu hukwama, na hapo mpandaji anaachia mkono lakini pikipiki haimwachii yeye. Ndiyo maana tulisalimia kwanza. Mengine yote tulifanya kwa masikio. Plagi chafu inakohoa, cheni iliyolegea inapiga makofi, na injini iliyonyamaza imezimika. Hilo la mwisho hakuna aliyetufundisha, maana nani asiyelijua?

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Muhuru Bay kutunza pikipiki za wanunuzi wa samaki. Mkubwa wa huko tulimwita Bwana Stoo, kwa sababu hata msumari mmoja ulitoka kwa ruhusa yake. Mchanga na magamba ya omena viliingia kila mahali, na upepo wa ziwani ulizila kebo bila huruma. Mara mbili nilisalimia pikipiki na mshikio ukagoma kurudi. Bwana Stoo alikuja, akauangalia, akatoa kebo mpya bila kuniuliza swali. Kwake hiyo ilikuwa sawa na nishani. Tangu hapo fundi aliyeshika spana kabla ya kusalimia nilimwambia arudi kwao akachunge mbuzi.

Pikipiki za pedali zikaisha. Nikahamia Migori, nikatengeneza bodaboda kando ya barabara ya Isebania, na hapo ndipo nilipomfundisha kazi Atieno, mjane mwenye watoto wawili na mkono mwepesi kuliko wangu. Aliniita Japuonj, yaani mwalimu. Uzee ulikuwa umeshanikalia mabegani pale mfanyabiashara mmoja kutoka Lamu, mwenye duka la vitambaa mjini, alipofungua karakana mtaa wa Suna, ya kuunganisha pikipiki za umeme. Tulimwita Meneja. Alitaka mafundi wanaokumbuka umbo la zamani, kwa sababu pikipiki zake ziliiga zile zile: taa ya mviringo, pedali, kiti cha springi, hata tangi, ila ndani ya tangi hamna tone la petroli, ni betri. Nilipoiona ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyekutana sokoni na shemeji aliyedhaniwa amekufa. Nikaja na Atieno.

Wote pale niliwafundisha kusalimia. Injinia kijana, binti aliyetumwa kutoka Nairobi, alinieleza kwa heshima kwamba hizi hazina kebo ya kukwama, kwa hiyo hakuna cha kusalimia. Nikamjibu kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nilijipenda sana nilipoyasema hayo.

Jumatatu moja asubuhi niliijaribu pikipiki iliyokuwa iende kwa wauguzi wa Homa Bay. Nikaiegesha mlangoni na kwenda kuongea na mteja. Haikutoa sauti, na masikio yangu ya miaka yote yakaniambia imezimika. Ufunguo ulikuwa bado umewashwa. Kulikuwa na kitaa cha kijani, kidogo kama punje ya mtama, lakini kwenye jua la mlangoni hakionekani. Atieno akaja na spana zake. Kabla ya kugusa chochote akaisalimia, kama nilivyomfundisha. Ikaruka naye hadi kwenye meza ya chuma, na mkono wake wa kulia ukabanwa kati ya mshikio na meza.

Meneja aliuliza nani aliacha ufunguo. Atieno, mkono umefungwa bendeji, alisema hajui. Alijua. Alikuwa ameniona nikiegesha. Meneja akaamua kwamba fundi anayeshika bila kuangalia atakuja kuua mteja, na mwisho wa wiki Atieno aondoke. Mimi nilikuwa nimebakiza wiki tatu nistaafu, na nilikwisha kuahidiwa pikipiki moja ya zawadi, na hotuba.

Nilinyamaza Jumatatu. Nikanyamaza Jumanne. Ninaliandika hilo kwa sababu kumbukumbu za wazee huwa na mashujaa wengi mno.

Jumatano nilimtembelea Atieno nyumbani. Jirani alikuwa akimsongea ugali, watoto wamekaa kimya kuliko watoto wanavyokaa. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja.

"Japuonj, ningesemaje?" alisema. "Spana ya kwanza wewe ndiye uliyenipa."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa Meneja, nikamweleza yote: ufunguo ni wangu, na ile salamu iliyomvunja mkono ni yangu pia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu," alisema, "ufunguo ni bahati mbaya, yaweza kumpata yeyote. Na hizi siku mbili?"

Atieno alibaki kazini. Mimi nilistaafu siku hiyo hiyo. Meneja alinipa pikipiki kama alivyoahidi, ila bila hotuba.

Naipanda mpaka leo. Wiki iliyopita breki ililegea nikaipeleka Suna, ambako Atieno sasa ndiye foreman. Tuliamkiana, akaniuliza habari za mgongo wangu, kisha akanyoosha mkono.

"Ufunguo, Japuonj."

Nilidhani nimeshauchomoa. Nikatazama, nikauchomoa, nikampa. Akaufumbata kwa mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia, wenye vidole viwili visivyokunjika tena, akaisalimia mara mbili.