Wati za Mshamu Kupanda Pugu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa saa ya kubonyeza, daftari na kiti kibovu, ghorofa ya pili Kariakoo, juu ya duka la vipuri. Chama chetu cha baiskeli kilikuwa na chumba hicho kimoja tu. Katibu aliniona ninavyotikisa mguu akasema, "Bwana mdogo, kutulia tu huwezi, kazi ya muda utaiweza kweli?" Niliiweza. Kutulia ndiko kulikonishinda mpaka leo, na sababu ninayo.

Nyinyi mnaoingia sasa mmekuta kila kitu kwenye simu. Sisi baada ya zile saa za kubonyeza tuliletewa vidude vya kufunga kwenye pedeli, vinavyoonyesha mtu anakanyaga kwa wati ngapi. Nikahamishiwa Kitengo cha Takwimu, yaani meza nyingine chumba kilekile. Kazi ilikuwa kuwanasa wanaotumia dawa za kusisimua misuli. Unachukua wati za mwendeshaji, unazigawa kwa kilo zake, unaangalia amezishikilia kwa dakika ngapi, kisha unalinganisha na alivyokuwa zamani. Akiruka ghafla, unamwita apimwe mkojo na damu. Shikeni hilo: namba hazimtii mtu hatiani, zinasema tu nani apimwe.

Mkuu wa Kitengo, mama mkali asiyependa maneno mengi, alizoea kugonga meza kwa kalamu. "Ukiandika jina la mtu hapa, andika kama unaandika la mwanao."

Mshamu alikuwa kijana wa Ilala, mwembamba, mpole, na timu moja ya nje ilikuwa tayari kumsajili. Maisha yake yote yalikuwa kwenye mkataba ule. Mkuu akiwa likizo, nikaliweka faili lake jipya la kupanda vilima vya Pugu kando ya faili la wiki ileile mwaka uliotangulia. Alikuwa ameruka vibaya mno! Damu ikanichemka. Sikungoja mtu, nikaandika "ana mashaka", nikampelekea Katibu. Naye kwa haraka zake akawapigia watu wa timu kabla hata vipimo havijafanyika.

Vipimo vikaja safi. Mkuu aliporudi alifungua mafaili yote mawili, akaniuliza, "Wiki hii mwaka jana ilikuwa wiki gani?"

"Sikumbuki, mama."

Akanisogezea kalenda. Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Mshamu alipanda Pugu alasiri, bila hata tone la maji kinywani, na mimi nikafanya hicho ndicho kipimo cha nguvu zake. Mwaka huu wiki hiyohiyo iliangukia baada ya Idi, ameshakula na kunywa kama kawaida. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tukaandika barua ya kumsafisha, lakini timu ilikwishamchukua mtu mwingine.

Nimestaafu, ila nyumbani sikaliki. Kila asubuhi natoka, nazunguka Kariakoo bila shughuli yoyote. Mwezi uliopita, Mtaa wa Msimbazi, guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, lililojaa marobota ya mitumba lilisimama mbele yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikuwa Mshamu, ana mvi kidogo. Nikaanza tena kumwomba radhi, palepale katikati ya watu.

"Mzee, mimi nilishasamehe zamani," alisema, akijifuta jasho. "Ila kuna kitu kinanisumbua. Ule mwaka nilipanda na swaumu, wewe hukufunga?"

"Nilifunga. Tena yote."

"Ndiyo hapo sasa. Maana siku ile nimetoka Pugu nikaja moja kwa moja ofisini kukuletea faili, adhana ikatukuta palepale. Tulifuturu wote, mzee."

Wenye mizigo walikuwa wanampigia kelele asogee. Akaniaga kwa adabu, akakanyaga. Ni kweli kabisa. Tende ya kwanza aliyofungulia siku ile nilimpa mimi, kwa mkono wangu, kisha nikalipokea faili.