Toleo Jipya Lilipomkataa Baba

Binti wa chumba cha picha ofisini kwetu tulimwita Kiguu na Njia, maana kiti chake kilikuwa pambo tu. Alifanya kazi wima, na kila programu ilipotangaza toleo jipya, aliliweka papo hapo. Mimi ni mtu wa sauti, chumba cha pili. Nilimwambia mara ngapi, kazi ikiwa mezani usiguse mitambo! Sikio la kufa halisikii dawa.

Kazi yake ni kuunganisha picha: mtu anapigwa filamu mbele ya kitambaa cha kijani, yeye anamkata ukingo kwa ukingo na kumweka kwenye barabara iliyopigwa siku nyingine. Katika filamu tuliyokuwa tukiitengeneza, mlinzi mzee anayevuka barabara alikuwa baba yake mzazi. Tulikosa mwigizaji, mzee akajitolea, akatuchekesha kutwa nzima. Miezi michache baadaye akafariki. Mama wa binti hakuwahi kuiona picha ile, na siku ya mkasa huu alikuwa anakuja kuiona, kisha apande basi la jioni arudi kwake.

Asubuhi hiyo hiyo, kwa kiherehere tu, bibie akasasisha kompyuta zote.

Alipofungua kazi, barabara ipo, kivuli kipo, baba hayupo. Kivuli kilihifadhiwa kama picha ya kawaida. Baba alikuwa kwenye faili za tabaka nyingi za mtindo wa zamani, na sehemu mpya ya programu inayosoma picha haikuzitambua tena. Wala haikulalamika. Kivuli kilivuka barabara peke yake kama mtu aliyetumwa dukani.

"Nimemfuta baba," akaniambia.

"Hujamfuta. Faili zipo, msomaji ndiye mgeni. Rudisha toleo la zamani."

"Nimeshaliondoa kote!"

"Lipakue upya basi, na uache kuzunguka, unanitia kizunguzungu."

Hakuacha. Alizunguka meza, akachungulia dirishani, akarudi kuukodolea macho ule mstari wa kupakua. Nilimkasirikia, na nilimhurumia vilevile.

"Hodi, wanangu." Mama alikuwa amewahi. Tukampa kiti. Binti akakiziba kioo cha kompyuta kwa mgongo, akauliza habari za safari, za majirani, mpaka za kuku. Mama akajibu zote, kisha akasema, "Sogea, mwanangu. Sikuja kuangalia mgongo wako."

Bahati nzuri, toleo la zamani lilikuwa limeshakaa. Binti akasogea, akabonyeza. Mzee akatokea, kofia upande, akavuka. Binti akashusha pumzi, akaanza kueleza jinsi kofia ile ilivyomsumbua, na vidole alivyovikata ukingo kimoja kimoja, picha kwa picha, majuma mazima.

"Rudisha," mama akasema. Akarudisha. "Tena."

Safari hii mama akagusa kioo. "Mbona ameshika ubavu?"

"Anaigiza, mama. Si mlinzi mzee?"

"Haigizi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiushika kitandani, mwisho mwisho. Akaniambia maumivu yameanza juzi tu." Tuliumbuka, maana siku ile ya kupiga filamu tuliicheka mikogo ya mkono huo. Mama akamgeukia binti yake. "Majuma yote hayo unamtazama, hukuona?"

"Nilikuwa naangalia ukingo, mama," akasema, na akaanza kulia.