Farasi Asiyepiga Hodi

Mimi ndiye niliyemfundisha farasi wa mzungu wa chai kula ndizi mbivu. Nalisema mapema ili watu wa nyumbani wasije wakadai nimeficha. Lakini ujinga wenyewe tuligawana: wangu ulikuwa wa likizo moja tu, farasi alizaliwa nao.

Mzungu huyo alikuja shamba la chai lilipouzwa, maana siku hizi kila kitu ni ruksa. Wenzake wameleta mitumba, wengine redio, yeye akaleta farasi. Huku kwetu Rungwe mnyama mkubwa namna ile anakamuliwa, au anachinjwa msibani, au anatolewa mahari. Yule hakukamuliwa wala kuliwa, na hakuna baba mwenye akili zake angemtoa binti kwa ajili yake. Kazi yake ilikuwa kuruka. Na hiyo kazi yenyewe haijui!

Aliipenda kama mlevi anavyopenda kuimba. Akiona kijiti tu, masikio juu, anakuja mbio, ananyanyuka kwa madaha kama anakwenda Mbeya, halafu miguu ya nyuma inasahau safari. Puu! Pua kwenye tope. Ng'ombe akianguka mtaroni leo, kesho anauzunguka. Huyu aliinuka, akajikung'uta, akaurudia mtaro uleule kwa furaha.

Jioni alizoea kutoroka bandani na kuja kwenye kinjia kati ya chai na migomba yetu. Nikafunga mwanzi kati ya miti miwili ya milingoti, nikaweka ndizi upande wa pili. Akivuka, anakula. Akianguka anakula vilevile, kwa sababu nilikuwa nacheka mno, nguvu za kumnyima sina. Ndizi nilizitoa darini jikoni, alikozivundika mama kwa ajili ya ujio wa babu.

Na ujio huo haukuwa mchezo. Babu, baba yake baba, alikuwa na ng'ombe mtamba mzuri wa maziwa ambaye alitaka kumpa mmoja wa wake za wanawe: mama yangu, au mke wa baba mdogo. Mama alimtaka yule mtamba mpaka alishamjengea banda na kumchimbia shimo la samadi, tulilokwisha kuanza kutupia mavi ya kuku. Sasa, kwa mila yetu mwanamke hukwepana na baba mkwe wake, wasionane uso. Tangu aolewe, mama akisikia kikohozi cha babu njiani anaingia vichakani, hata kama ana ndoo ya maji kichwani. Mke wa baba mdogo, mtoto wa Tukuyu mjini, alishawahi kumpa babu mkono. Kwa hiyo mama alikuwa anaongoza.

Siku yenyewe babu akakaa uani, sinia la ndizi mbele yake, mtamba amefungwa kwenye mgomba. Mama alijibanza nyuma ya ua wa matete wa bafu. Baba alikuwa ameenda gulioni, basi mimi nikawa mkalimani wa watu wanaosikiana vizuri kabisa.

"Mwulize mama yako kama majani ya ng'ombe yapo."

"Mama, babu anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie yapo."

"Babu, mama anase..."

"Nimesikia, kijana. Usinipigie kelele."

Ndipo nikasikia kwato. Harufu ya ndizi ilikuwa imefika kwenye chai. Akatokea nyuma ya bafu, akauona ua wa matete, masikio juu.

"Nini hii?" babu akauliza.

"Farasi, babu."

"Falasi anataka nini?"

"Anaruka."

"Analuka wapi?"

Farasi akajibu mwenyewe. Miguu ya mbele ilipita vizuri, ya nyuma ikaubeba ua wote kama mtu anayeanua nguo. Akatua kwa kifua, mdomo ndani ya sinia. Na mama huyo, amesimama peupe, hana hata tete moja la kujifichia.

Babu akajifunika uso kwa kofia, akarudi kinyumenyume kwa heshima zote, mpaka ndani ya shimo la samadi.

Mimi nilikuwa chini nacheka, sifai kwa lolote. Mama akatazama migomba, angeweza kukimbilia huko. Akamtazama mtamba. Akajitupia khanga kichwani, akageuza mgongo, akaokota mwanzi wa ule ua ulioanguka na kuusukuma nyuma, hatua kwa hatua, mpaka shimoni.

"Mwambie ashike."

"Babu, mama anasema..."

"Nimesikia! Nishike wapi na macho nimefumba?"

Wakavutana hivyo, mmoja kwa mgongo, mwingine kipofu, na lile pambo la mzungu likiendelea kutafuna.

Babu alipotoka, ananuka, akaugeukia mgomba. "Ndaga," akaushukuru. Kisha akaniambia, "Mwambie mama yako mtamba abaki hapa. Yule mwingine angenipa mkono."

Akaondoka. Farasi alipomaliza kulamba sinia akanijia moja kwa moja, akaingiza pua kwenye mfuko wa kaptula yangu, pale pale anapokutaga ndizi kila jioni. Nikamsukuma kama simjui. Akarudisha pua.

Mama akatutazama. Akatazama dari ya jiko. Akasema:

"Kumbe nina wakwe wawili, na huyu mwenye mkia ndiye anayenimalizia ndizi. Chukua panga ukakate matete."