Programu ya Mahindi

Nilimwonea wivu yule mwalimu mpya tangu siku aliyofungua laptopu yake kwenye maabara yangu ya udongo. Nasema wivu kwa sababu ndio uliokuwa, na sikuona haya.

Kabla yake, programu ya mahindi ilifanya kazi kwenye mashine moja tu pale chuoni: kompyuta yangu ya mezani, kuukuu, ganda limegeuka manjano, nikiifunika kwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe kama ninavyofunika viti vya nyumbani. Unaipa programu hali ya udongo na mvua, nayo inakuambia shamba litatoa mahindi kiasi gani. Aliyeiandika ni mzee aliyenifundisha kazi, ambaye sasa amestaafu na anafuga ng'ombe Kiplombe. Kompyuta mpya ziliikataa katakata. Kwa hiyo mzee akitaka kujaribu msimu wowote, ilibidi aje kwangu. Alikuwa akija kila wiki na chupa ya mursik, maziwa ya mgando, tunakunywa tukingoja mashine iwake, huku akinisimulia mambo ambayo wanawe hawakuwa na nafasi ya kuyasikiliza. Mimi baba yangu sikumjua. Siku hiyo ya wiki ilikuwa yangu, na sikutaka kugawana na mtu.

Basi mwalimu akaunda, ndani ya laptopu yake, kitu cha kujifanya mashine ya zamani. Programu ikadanganyika, ikafunguka. Akanionyesha akitabasamu. Nikamwambia hongera, na moyo unanichoma.

Mzee alipokuja, tuliingiza udongo uleule na mvua ileile kwenye mashine zote mbili. Nilikuwa namwomba Mungu ile ya mwalimu ikosee. Na kweli, tarakimu ya mwisho kabisa baada ya nukta ikatofautiana na yangu. Karibu niruke.

"Mzee, umeona? Hiyo yake inadanganya!"

Mzee akavaa miwani, akainama, akatazama skrini zote mbili, kisha akacheka.

"Hiyo ni kitu kidogo sana. Mahindi haijui hiyo."

Mwalimu naye akacheka. Ningeweza kumfinya.

Mzee akauliza kama programu inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya mjukuu wake nyumbani. "Ni ya aina ingine kabisa," alisema kwa wasiwasi.

"Haina shida, Mzee. Itakubali tu," mwalimu akajibu, akamwekea kila kitu kwenye flashi na kumwonyesha cha kubonyeza.

Sijawahi kumwona mzee amefurahi vile. Aliitia flashi kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaugusa mfuko kuhakikisha, kisha akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili, uso unang'aa, kama mtu aliyeniletea habari njema.

"Asante sana, mama. Umenivumilia miaka mingi. Sasa sitakuwa nakusumbua tena."