Dume la Mzee Werema kwenye Boneti

Ezra Werema alikuwa anapaka magari rangi hapa Genkuru miaka ile ya rashi, dhahabu ilipokuwa inatoka karibu kila shimo na vijana wakinunua pikipiki kabla ya godoro. Kibanda chake cha mabati kilipakana na mgahawa wangu. Mimi nasonga ugali, yeye anapuliza rangi. Wateja wangu wakilalamikia harufu namtetea, maana alikuwa kijana mpole na tulisali naye kanisa moja.

Kazi iliyompa jina ilikuwa marumaru. Anapuliza kwanza rangi ya fedha. Ikikauka anapitisha nyeusi nyepesi, na kabla hiyo nyeusi haijakauka analaza juu yake nailoni iliyokunjamana, anaibonyeza kwa viganja, kisha anaibandua taratibu. Panabaki mishipa na mawimbi kama ya jiwe lililopasuliwa. Juu yake anapuliza kendi, rangi inayopitisha mwanga kama sharubati kwenye glasi, ukiangalia unaona mpaka chini. Mwisho anafunga kwa kilia, vanishi isiyo na rangi, ili ing'ae. Hakuna mbili zilizofanana, na wenye mashimo walizigombania.

Kompresa ya kupulizia alinunuliwa na baba yake, Mzee Werema wa kule Ringwani. Mzee hakutaka mwanawe ashuke shimoni. Alitoa dume lake alilolipenda kuliko yote, jekundu lenye mawimbi meusi kuanzia shingoni, likaenda mnadani. Kwetu Wakurya dume la namna hiyo mtu haliuzi hivi hivi, analisifu mbele ya wenzake kama anavyomsifu mtoto. Kompresa ilipowashwa mara ya kwanza Mzee alikuwepo. Akaisikiliza ikinguruma, akasema, "Mura, nimeuza ng'ombe nikanunua upepo."

Tulicheka sote, na Ezra akacheka. Lakini neno lile lilimkaa moyoni. Ndipo akaamua pikapu yake kuukuu aipake rangi ya lile dume, aipeleke Ringwani, Mzee aone ng'ombe wake alikokwenda. Hakuwa na haja nyingine. Alitaka baba yake aitazame tu, aseme kwamba na hii ni kazi.

Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuipiga msasa, dada yake Gati akapiga simu. Mzee ana presha ya macho. Daktari amesema nuru iliyopotea hairudi, na hii iliyobaki nayo inaondoka. Mzee mwenyewe, aliyekwisha kusikia habari za pikapu, akaomba simu. "Lete hilo gari niione hiyo rangi," akasema, "ningali naona."

Ezra akafanya haraka. Marumaru ilitoka vizuri, na alipopuliza kendi nyekundu mara ya kwanza niliacha mwiko kwenye sufuria nikatoka nje. Ilikuwa mchana, jua kali. Boneti ilikuwa inawaka, na mawimbi meusi yanatembea ndani yake kama ng'ombe anayepumua.

"Mwanangu," nikamwambia, "dume limefika. Funga hiyo kilia yako uende."

"Bado, Mama Nyangwine. Haina kina. Tata wangu ataona ni pipi."

Fundi Olima, Mjaluo wa Sirari aliyemfundisha kazi, alikuwa kwangu anakunywa chai. Akasema, "Wacha hapo, bana. Kendi ni kama chumvi, ukizidisha huwezi toa."

"Wewe unajua samaki, Olima. Ng'ombe tuachie sisi."

"Haya. Lakini hata samaki akiungua ni mweusi."

Ezra akaongeza nyingine, na nyingine tena. Kila akipuliza wekundu ulizidi kuzama, na kweli ukawa na kina; fundi mwingine angekaa hapo kuitazama mpaka jioni. Halafu mvua zikaanza. Kilia ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu inageuka ukungu wa maziwa, hivyo akangoja kukauke. Gati akapiga tena. Safari hii alisema Mzee sasa anauliza kama kumekucha.

Mvua zilipopisha akaifunga kwa kilia, na alipokwenda nilifuatana naye, maana aliniomba nikamwombee Mzee. Tulimkuta uani amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza barabarani.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Umekuja nalo?"

"Liko mbele yako."

Mzee akanyanyuka, akasogea mpaka magoti yakagusa bampa. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. "Naona giza limesimama hapa," akasema. "Ndilo hilo?"

Akaweka kiganja kwenye boneti, akapapasa kama anavyopapasa mgongo wa ng'ombe. Kilia ilikuwa imefunga kila kitu chini yake. "Ni laini kama sahani," akasema.

Ezra akamshika kidole, akaanza kumpitisha. "Hapa ni shingoni, Tata. Wimbi jeusi linaanzia hapa, linashuka hivi."

"Lile lilianzia nyuma ya sikio."

"Ndiyo, Tata. Na hili linaanzia hapo."

Mzee akauacha mkono pale juu. "Basi ni zuri," akasema, "kama unavyosema." Akauliza kama tumekula.

Niliomba, Mungu ni shahidi, lakini maneno yalikuwa mazito mdomoni.

Njiani, tulipokaribia Genkuru, Ezra akapunguza mwendo. Ndipo akasema, "Ile ya kwanza angeiona. Ile ilikuwa na mwanga."

Kesho yake nilimkuta ameinama juu ya boneti na msasa wa maji, anasugua sehemu ndogo kama kiganja, polepole, anafuta kwa kitambaa, anasugua tena. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Ile ya kwanza, Mama."

Aliendelea kusugua. Wekundu wote ukatoka pamoja, na mawimbi, na rangi ya fedha, likabaki bati.