Mwanafunzi Wangu wa Mkeka wa Mbele

Mwaka ule nilikuwa nafundisha watoto wadogo Kurani nyumbani kwangu Miyuji, sebuleni, kila baada ya alasiri. Natamka, wanaitikia, mpaka aya inakaa. Kati yao alikuwapo binti wa miaka sita, akilelewa na bibi yake. Muda wote binti huyo alikuwa akinikazia macho usoni. Aliwapita wenzake wote. Suratul Falaq aliihifadhi kwa siku tatu.

Ukaja upepo wa vumbi, nikashikwa na mafua. Nikawa nafundisha nimejifunika mdomo kwa mtandio nisiwaambukize. Tulikuwa tumeanza Suratul Kauthar, aya tatu tu. Yule binti akaharibika ghafla: mara anatamka visivyokuwepo, mara ananyamaza kabisa.

"Unanifanyia makusudi?" nikamuuliza. Akacheka. Nilikasirika, nikamhamishia nyuma, akae ameelekea ukutani.

Siku ya tatu, sinia la bati likaniponyoka mkononi, likapiga sakafu kwa kishindo. Watoto waliruka, mmoja akaangua kilio. Yule binti hakugeuza hata shingo. Aliendelea kuchorachora ukutani kwa kidole.

Nikamwita jina taratibu, kisha kwa kupaza sauti. Kimya. Nilipomgusa bega alishtuka kama aliyeunguzwa.

Jioni nikaenda kwa bibi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu."

"Hivi mjukuu wako anasikia vizuri?"

"Si anasoma kwako? Asiyesikia anasomaje?" Kisha sauti ikamshuka. "Aliugua homa kali tulipokuwa Haneti. Tangu hapo nikimwita haji. Nikajua ni ukaidi. Nimemchapa sana, mwalimu."

Mimi nami nilikuwa nimempa ukuta.

Hospitalini tuliambiwa sikio moja limekufa, na la pili linasikia kidogo tu, tena kwa karibu. Miaka tisa ya kufundisha, na nilijiona hodari wa kuwajua watoto! Miezi yote ile alikuwa akinisoma midomo, nami namsifu kwa usikivu.

Nikamrudisha mbele, magoti yetu karibu yagusane, uso wangu wazi. Suratul Kauthar ilituchukua wiki mbili. Ile ha ya kooni, mwishoni mwa aya ya pili, ambayo kwenye Suratul Falaq niliipuuza alipoikosea, ilimshinda, maana midomo haiionyeshi. Nikauchukua mkono wake nikauweka shingoni pangu, aisikie kwa vidole. Alhamisi moja ikamtoka, safi kabisa. Akajishika shingo yake mwenyewe, akairudia.