Ukuta Uliozibwa Pua

"Tonton Mukendi, huu mur iko inalia! Mama yangu anafika na ile kifua yake, nimulaze hapa ndani ya mayi?"

Victorine alikuwa katikati ya chumba cha nyuma, mkono mmoja kiunoni, kidole cha mwingine ukutani. Kidole kilirudi kimelowa. Mukendi, mdogo wa mume wake na fundi wa kupiga lipu tangu Lubumbashi, alikuna kichwa.

"Maman Victorine, nilitia ciment ya muzuri. Donc kosa si yangu. Ni nyumba."

"Nyumba! Mbele ya wewe kufika ilikuwa kavu!"

Nyumba yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Kabla Schaerbeek, kitongoji hiki cha Ubelgiji, hakijajaa watu, ilikuwa ya wakulima: kuta nene za udongo na majani makavu, dari fupi, ng'ombe upande wa pili. Karne ya kumi na tisa mwenye nyumba mmoja akapata pesa, akaona haya. Akaibandika uso wa tofali upande wa barabara, madirisha marefu, na dari la sebuleni lenye maua ya plasta kama keki ya arusi. Nyuma hakugusa, maana wageni hawafiki nyuma. Nyumba ikabaki imevaa koti bila suruali. Victorine na mumewe Kazadi waliinunua hivyo hivyo, ndiyo waliyoiweza.

Na chumba hiki kilikuwa deni. Mukendi alipofika Ubelgiji alilala kwenye kochi lao majira yote ya baridi, akala bukari lao, ule ugali wa kwao, akaapa: siku mtakayopata nyumba, chumba kimoja nitakitengeneza mimi, bure. Sasa amelipa, na malipo yanatoka jasho.

Victorine hakungoja maelezo. Alichukua kisu cha jikoni, akakipenyeza pembeni, akasukuma. Saruji ikaanguka bapa zima, nusura imvunje Mukendi vidole. Nyuma yake udongo mbichi, majani yametokeza kama ndevu. Akainua macho. Kule juu, saruji isikofika, udongo ule ule ulikuwa mkavu.

"Umeiziba pua," akasema. "Hii mur inakunywa mayi ya chini, inapumulia huku ndani. Bibi yangu kule Likasi alikuwa anapakala nyumba yake budongo kila kiangazi. Na wewe unajua. Sasa ciment ya nini?"

Mukendi alitazama viatu vyake. "Nilisikia haya. Maman yako atoke mu nyumba ya budongo, apande ndege, aje kulala tena mu nyumba ya budongo? Huku Poto, Ulaya?"

Victorine alitaka kumtukana, kicheko kikamtangulia. "Kumbe wewe na yule wa madirisha marefu mulizaliwa tumbo moja!"

Jumamosi Mukendi alirudi na patasi. Alibandua saruji yote, wakaacha madirisha wazi mpaka ukuta ukakauka. Kisha akakanda udongo na majani, Victorine akapaka kwa viganja vyake, na juu wakamalizia chokaa nyembamba.

Mama yake Victorine alipoingia, kabla hata ya kuvua koti, alinusa ukuta, akaupapasa.

"Hapa ni Victorine alipakala," akasema. "Mpaka leo hajui kunyoosha."

Usiku ule mama hakukohoa. Asubuhi Mukendi alichungulia mlangoni. "Alors, deni yangu?"

Victorine alipitisha kidole ukutani, akakitazama. Kikavu.

"Imeisha. Nawa mikono, kuja kula. Na kochi iko pale pale."